Uanze na mchujo upi? Code Jam, Hacker Cup na ICPC vikipimwa kutokea Dar

Jumamosi moja, kwenye chumba tunachokutania Sinza, binti wa mwaka wa pili aliniwahi kabla sijatoa hata kompyuta kwenye begi. "Shikamoo kaka. Nataka kuingia mashindano ya kuandika programu. Mchujo upi ni rahisi?"

Nikaitikia marahaba, halafu nikakaa kimya kidogo. Neno "rahisi" lina utata wake hapa. Maswali yanaweza kuwa mepesi na mchujo wenyewe ukakushinda. Mlango unaweza kuwa mpana kama wa viwanja vya Sabasaba siku ya kilele, kisha hatua mbili ndani ukajikwaa. Halafu upo ugumu wa tatu, ambao mshindani aliye Zurich hana habari nao kabisa: bando, umeme, na Kiingereza cha hadithi ndefu kwa mtu aliyesoma msingi kwa Kiswahili.

Kwa hiyo nimempa jibu refu, na wewe msomaji nakupa hilohilo.

Tuanze na marehemu

Google Code Jam ilianza 2003 na ikafungwa 2023, kwa raundi za kuagana mwezi Aprili. Utauliza kwa nini nimpangie mtu aanze na mashindano yaliyokwisha kuzikwa. Ni kwa sababu maswali ya miaka mingi yameachwa wazi mtandaoni, bure, na sijaona hazina bora ya kumfundishia anayeanza. Tena hakuna saa inayokukimbiza. Unapakua maswali mara moja, unazima data, unakaa nayo wiki nzima.

Mchujo wake, katika miaka ya mwisho, ulidumu zaidi ya saa 24. Walitaka kila mtu duniani, popote alipo, apate sehemu kubwa ya Jumamosi yake. Hukushindana na yeyote. Kulikuwa na kiwango cha alama. Ukikifikia umepita, hata kama watu elfu ishirini wamekuzidi.

Nikuonyeshe swali moja la mchujo wa 2016, maana ndilo linalonisaidia kueleza aina ya ugumu wake. Kwa asili linahusu keki za kikaango zenye uso unaocheka upande mmoja. Sisi tuliligeuza chapati. Mama ntilie amepanga chapati kwenye sahani, moja juu ya nyingine. Nyingine zimelala upande mzuri juu, nyingine upande ulioungua. Anaweza kushika chapati kadhaa za juu, idadi yoyote, akazigeuza zote kwa mkupuo mmoja kama rundo. Ya juu inakwenda chini ya rundo hilo, na kila moja inabadilika upande. Je, ni mara ngapi chache kabisa anahitaji kugeuza ili zote zionyeshe upande mzuri?

Vijana wengi hukimbilia kuandika programu ya kujaribu kila namna. Kwa chapati 10 inakubali. Kwa chapati 100 utazeeka unasubiri. Siku ile tulichukua chapati kweli, za jana, tukazipaka masizi upande mmoja (mwenye chumba hakufurahi). Baada ya nusu saa kijana mmoja wa DIT akasema, "Lakini chapati mbili zinazofuatana na zinafanana ni kama chapati moja." Hapo ndipo swali lilipovunjika. Hesabu mara ambazo upande unabadilika ukishuka kutoka juu hadi chini. Kama ya chini kabisa imeungua, ongeza moja. Basi. Programu yake haizidi mistari mitano.

Huo ndio ugumu wa mchujo wa Code Jam. Algoridhimu yenye jina, yaani mbinu maalumu ya vitabuni ya kutatua swali hatua kwa hatua, hutaihitaji. Unahitaji utulivu wa kulitazama swali mpaka likuonyeshe tundu lake. Mtu aliyekariri vitabu anaweza kukwama, na wa kidato cha sita aliyezoea bao akapita.

Sasa mlango. Chukua 2019, mwaka ambao kiwango kilikuwa alama 30 kati ya 100. Swali la kwanza, Foregone Solution, lilikupa namba yenye tarakimu 4 ndani yake, likakutaka uigawe katika namba mbili zisizo na 4 hata moja. Ni jepesi mno ukilijua: kila penye 4 andika 3 kwenye namba ya kwanza na 1 kwenye ya pili, penye tarakimu nyingine, iache kwenye ya kwanza na weka sifuri kwenye ya pili. Lilikuwa na alama 17. Lakini 17 hazifiki 30, na hapo ndipo wengi walipojidanganya kwamba wamemaliza. Ilibidi ulipate na la pili walau kwa sehemu (swali lilikatwa sehemu, kila moja na alama zake): kuvuka mraba wa mitaa bila kupita kipande chochote cha njia alichopita mwenzako.

Sisi tulilichora kwa mitaa ya Kariakoo, inavyokatana kama daftari la hesabu. Mwenzako akikata kwenda mashariki, wewe kata kusini. Akikata kusini, wewe mashariki. Ukifanya hivyo kila hatua, mtakutana kwenye makutano kadhaa ila hamtatoka kwa njia moja kamwe. Sehemu mbili za kwanza za swali hilo zilikuwa na alama 14. Jumla 31. Umepita kwa alama moja, na hujagusa maswali mawili ya mwisho.

Baada ya hapo? Raundi ya kwanza ilikuja kwa awamu tatu, kila moja ya saa mbili na nusu, na waliosonga mbele ni 1,500 wa juu kwa kila awamu. Hapo unashindana na watu sasa. Nimeona waliopita mchujo kwa kicheko wakatoka raundi ya kwanza wameduwaa. Anayekwambia Code Jam ilikuwa rahisi, muulize aliishia raundi ipi.

Hacker Cup: swali moja, dakika sita

Hacker Cup ya Facebook, sasa Meta, ilianza 2011. Mchujo wake kwa miaka mingi ulikuwa wa saa 72, na sharti lilikuwa kupata swali moja tu. Moja! Kwenye karatasi huu ndio mlango mpana kuliko yote. Ndiyo maana watu husema Hacker Cup ni nyepesi kuliko Code Jam.

Mimi sikubaliani. Ngoja nieleze namna inavyoendeshwa.

Code Jam, kuanzia 2018, ulituma programu yako ikaendeshwa kwenye kompyuta zao. (Kabla ya hapo nao walikuwa na mtindo wa kupakua, kama huu wa Hacker Cup ninaoueleza sasa.) Hacker Cup unaendesha mwenyewe, kwako. Unaandika programu, unabonyeza kupakua faili la data, na kuanzia sekunde hiyo una dakika sita kupakia majibu pamoja na programu yako. Zikiisha zimeisha, swali hilo limefungwa hata kama bado una siku mbili mbele yako. Na hutaambiwa kama umepata au umekosa mpaka raundi nzima iishe. Miaka ya karibuni wanatoa kwanza faili dogo la kujipima, jambo la shukrani, lakini lile la kweli bado ni la mkupuo mmoja.

Tazama swali mojawapo la mchujo wa 2011. Unapewa maneno kadhaa. Yaunganishe yawe neno moja refu ambalo kwenye kamusi lingetangulia mbele ya yote unayoweza kuunda. Kila mtu, nami nikiwemo, husema: panga kwa alfabeti, unganisha, kwisha kazi. Sasa jaribu maneno mawili, "b" na "ba". Kwa alfabeti "b" inatangulia, unapata "bba". Lakini ukianza na "ba" unapata "bab", na "bab" inatangulia "bba". Umeshakosa, na mfumo uko kimya, haukwambii kitu. Unalala na furaha siku mbili. Namna sahihi ni kulinganisha kila jozi kwa kuziunganisha pande zote mbili na kuona ipi inatangulia, kisha kupanga kwa kipimo hicho.

Kwenye Code Jam ya siku za mwisho ungetuma jibu hilo bovu, ungekataliwa palepale kwenye sehemu ya kwanza, ungejikuna kichwa, ungerudia. Swali ni jepesi sawasawa. Kinachotofautiana ni bei ya kosa.

Na kuna mazingira. Mwaka mmoja nilikuwa na kompyuta ya mtumba ambayo betri yake ilishakufa. Ilifanya kazi ikiwa imechomekwa ukutani tu. Nimeandika programu yangu, nimeijaribu, nimeridhika. Nikapakua faili. Programu ilikuwa ya aina ile ya kujaribu mipangilio yote, na ukiwa na vitu 9 tu mipangilio ni 362,880, kwa hiyo nilijua itachukua dakika mbili tatu. Nilikuwa naangalia namba zikipanda kwenye kioo. Dakika ya nne feni ikanyamaza, kioo kikawa cheusi, na mtaa mzima ukasikika ule mguno mmoja. Umeme uliporudi nilikuwa na saa arobaini na kitu za mchujo zimebaki, na swali langu limeshafungwa.

Nilipita mwaka ule kwa swali lingine, gumu kuliko lile. Lakini tangu siku hiyo, mtu akiniambia sharti ni swali moja tu, huwa nauliza betri yake inakaa muda gani.

Kwa hiyo, kwa ugumu wa maswali mepesi ya mwanzo, naziweka sawa. Kwa ugumu wa mlango, Hacker Cup ni laini zaidi kwenye hesabu na kali zaidi kwenye vitendo. Kwa maswali ya mwisho ya mchujo, ya Hacker Cup nayaona yana meno kuliko ya Code Jam, ila hulazimiki kuyagusa. Jambo moja la kuzingatia: siku hizi wamekuwa wakifungua msimu kwa raundi ya mazoezi badala ya mchujo wenye sharti. Soma ratiba na masharti ya mwaka husika, pamoja na kipengele cha umri, kabla ya kumwahidi mdogo wako wa kidato cha nne.

ICPC ni mnyama mwingine

ICPC ni mashindano ya kimataifa ya kuandika programu, na hapa kuna timu ya watu watatu, kompyuta moja, saa tano. Ni ya vyuo vikuu, na huwezi kujiandikisha kivyako: chuo kiwe kimeingia na timu iwe na kocha. Kwa baadhi ya vijana niliowafundisha, kumpata mhadhiri wa kukubali kuandika jina lake ndiyo ilikuwa raundi ngumu kuliko zote. Nasema kweli.

Hakuna kiwango cha alama cha kufikia. Anayepita ni aliyewazidi wengine siku hiyo. Kwanza idadi ya maswali mliyopata, halafu muda; na kila jibu lililokataliwa kwenye swali ambalo baadaye mlilipata linaongeza dakika 20. Kanda yetu ni ya Afrika na nchi za Kiarabu, maana yake mbele ya safari wanakusubiri Wamisri, ambao vyuo vyao vimezoea fainali za dunia. Fainali zenyewe zilifanyika Luxor, Misri, Aprili 2024, mbili kwa pamoja. Na chuo kimoja hupeleka timu moja tu fainali, hivyo mpinzani wako wa kwanza ni rafiki yako wa bweni.

Maswali ya raundi za chini huanzia palepale pa Code Jam, tena mepesi mawili ya kwanza mara nyingi ni ya kukupa moyo. Ila ugumu wenyewe uko kwenye kiti. Nilikaa nyuma ya timu moja ya wanafunzi wa Kijitonyama wakifanya mazoezi. Wote watatu ni wazuri, kila mmoja peke yake angepita mchujo wa Code Jam akitafuna mahindi. Saa ya kwanza imeisha, wana swali moja. Mmoja ameshika kibodi anatafuta kosa kwenye programu yake huku wawili wana majibu kichwani, wanasubiri. Hakuna aliyetaka kumwambia toka. Heshima zetu za Kiswahili: "Samahani ndugu yangu, nikimaliza hapa nakupisha."

Tuliweka sheria: programu ikikataliwa, unaichapisha kwenye karatasi, unatoka kwenye kiti, unatafuta kosa kwa kalamu. Wiki tatu baadaye walikuwa wanapata maswali matano kwa muda uleule. Akili zao zilikuwa zilezile.

Ya kupitia tu

IEEEXtreme, mashindano mengine ya kuandika programu, ni saa 24 mfululizo, timu ya hadi watatu, na huanza saa 9:00 usiku kwa saa zetu. Haina mchujo kabla yake, na nadhani ugumu wake mkubwa ni usingizi. Hash Code ya Google nayo ilikuwa ya timu, mchujo wa saa nne kwa swali moja kubwa lisilo na jibu moja sahihi. Mara ya mwisho ilikuwa 2022. Nzuri kwa mafunzo ya kikundi, haifanani na mingine niliyoitaja.

Kipimo cha kujijua

Kabla ya kuchagua, jipime. Codeforces, tovuti ya mazoezi na mashindano ya programu, huyapa maswali namba za ugumu kuanzia 800 hadi 3500, na mshindani naye ana namba yake. Swali lenye namba sawa na yako ni lile ambalo una nafasi ya nusu kwa nusu kulipata. Kwa makadirio yangu, swali la kwanza la mchujo wa Code Jam au Hacker Cup lingekaa kati ya 800 na 1200. Kama hayo unayapata mengi kuliko unayokosa, mchujo hautakuzuia. Raundi ya kwanza ya Code Jam ilitaka mtu anayejimudu kwenye 1600 na zaidi.

Na hapa kuna bahati ya jiografia. Raundi nyingi za Codeforces huanza 17:35 kwa saa za Moscow, na saa za Moscow na za Dar ni zilezile. Kwetu ni saa 11:35 jioni. Bahati hiyo ina kasoro yake kwa sababu ndiyo saa uliyobanwa kwenye daladala kutoka Posta kwenda Mbezi. AtCoder, tovuti ya mashindano ya Wajapani, ndiyo imetupendelea kweli. Raundi yao ya wanaoanza kwa kawaida ni Jumamosi saa 9:00 alasiri kwetu, dakika 100, na maswali yao ni mafupi. Hakuna hadithi ya kasri wala mchawi. Kwa kijana ambaye Kiingereza ndicho kinamla muda, hilo peke yake ni kama kupunguziwa ugumu kwa robo, na nimeliona kwa zaidi ya mmoja.

Basi nilimwambia nini yule binti?

Yeye alikuwa anajua kidogo Python, lugha ya kuandikia programu, hajawahi kushindana, kompyuta yake inakaa na chaji saa moja na nusu, na hana timu. Nikamwambia aweke ICPC pembeni mwaka huu. Achukue michujo ya zamani ya Code Jam, aanze na 2016 na 2019, swali la kwanza na la pili tu, bila saa. Jumamosi saa tisa aingie AtCoder. Akishapata maswali matatu ya mwanzo bila kuhema, ajiandikishe Hacker Cup msimu unapofunguka, aandike programu zake zote kwanza, na asibonyeze kupakua mpaka chaji imejaa.

Kama ungekuwa wewe una wenzako wawili mnaoelewana na mhadhiri asiyekwepa simu, ningekugeuzia mpangilio: ICPC kwanza, maana umri wa chuo unapita na Hacker Cup itakungoja. Na kama tayari uko 1400 Codeforces na unataka tu kujua unasimama wapi, achana na michujo ya zamani, itakupotezea mwezi.

Binti alichukua daftari, akaandika "2016, 2019, chaji". Kisha akauliza kama chapati zile zenye masizi bado zipo. Zilikuwepo mbili.